Tulioishi Chini ya Silanga

Nilitembea chini ya silanga nikiwa na akala miguuni, miaka mingi kabla ya kujifunza kuogelea. Hilo ndilo jibu nililompa mwalimu wa kuzamia huko Pwani, aliponiuliza ni kitu gani kilichomleta mama wa umri wangu, kutoka Garissa, kutaka kushuka chini ya bahari na mtungi wa hewa mgongoni. Wenzangu darasani walikuwa wameshajibu. Mmoja aliona samaki wa rangi kwenye televisheni akakosa usingizi. Mwingine alikuja kwa sababu mchumba wake amekuja. Mimi nikasema silanga lililokauka, wakacheka wakidhani natania.

Wewe uliyelelewa upande wetu huwezi kucheka. Enzi zetu, nje kidogo ya Bute, maji tuliyajua kuanzia chini. Watoto wa kwingine huona maji kwanza, kisha wakajiuliza kuna nini ndani. Sisi tuliona yaliyo ndani kwanza, kisha mvua ikaja ikatufungia.

Silanga letu lilikuwa bwawa lililochimbwa kukinga maji ya mvua, pana kuliko uwanja wa shule. Likijaa, hakuna aliyethubutu kuingiza hata kidole cha mguu, na sababu haikuwa kuogopa kufa. Watu walikuwa wanakunywa. Bibi yangu, ambaye wote tulimwita ayeeyo, alikaa ukingoni na fimbo yake ya mti wa mswaki na kutukumbusha, "Ukitia mguu hapo, jioni utakunywa chai ya mguu wako." Tulimwamini. Ngamia walikunywa upande wao, mbuzi upande wao, akina mama wakachota upande wao, na katikati palibaki peupe, panang'aa, hapaguswi na mtu.

Kisha kiangazi kilishuka. Maji yalirudi nyuma siku baada ya siku, yakiacha tope lililopasuka vipande kama vigae, vya baridi kwa chini na vya moto kwa juu. Sisi watoto tuliyafuata hatua kwa hatua. Harufu ile ya tope la kukauka, iliyochanganyika na mavi ya mbuzi na majani yaliyooza, naikumbuka mpaka leo kuliko harufu ya uvumba wa sikukuu. Tuliokota kiatu cha mguu mmoja, dumu lililopasuka, kengele ya mti iliyokuwa shingoni mwa ngamia wa mtu. Na maji yalipoisha kabisa, mimi na rafiki yangu Hodan tulihamia huko chini.

Naam, tulihamia. Tulijenga nyumba kwa mawe, yenye jiko na chumba cha wageni. Mlango wetu ulikuwa kisiki cha mgunga kilichobaki tangu silanga lichimbwe. Issack, mdogo wake Hodan, alikuwa mdogo mno kwa michezo yetu, basi tulimweka juu ya kisiki awe mlinzi wa mlango. Hatua chache mbele ya nyumba kulikuwa na shimo ambalo trekta ililikata kwa kina kuliko kwingine. Tulishuka humo, tukalala chali, tukatazama alama ya maji ya mwaka uliopita kule juu ukingoni. Tulitembea polepole tukiwa tumebana pumzi, nywele tukizipeperusha kwa mikono. Anayecheka ndiye aliyekufa maji.

Halafu mvua. Kelele zilianza mbali, maji yakaja mekundu, yamebeba povu na vijiti, na kufikia asubuhi nyumba yetu ilikuwa imezama. Hapo ndipo raha yangu ilipoisha. Wengine walishukuru Mungu na kuchota. Mimi nilizunguka ukingo kama mbuzi aliyepotelewa na mtoto. Jiko letu lilikuwa pale, mlango ulikuwa pale, na sikuweza kufika.

Siku moja silanga likiwa limejaa nusu, mwanambuzi alikwama kwenye tope upande wa mbali, na Issack akamfuata. Mwanambuzi akajinasua. Issack ndiye aliyebaki ndani, maji yamemfika kifuani, akitazama huku na kule asijue ardhi iko wapi. Watu wakakusanyika upande wetu wa kuchotea. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Baba yake, mtu aliyewahi kumfukuza fisi kwa kiatu, alisimama maji yakiwa magotini akinyoosha mikono. Wote walikuwa wakimwita, "Issack, njoo huku! Njoo kwa baba!"

Na Issack, mtoto mtiifu, akaanza kuja.

Kati yake na baba yake kulikuwa na shimo. Wakubwa hawakulijua, kwa sababu mtu mzima hana shughuli ndani ya silanga kavu. Mimi na Hodan tulijua ni hatua ngapi zimebaki. Tukapiga kelele pamoja, "Issack, rudi mlangoni!" Watu wakatugeukia kama wanaotazama wendawazimu. "Mlinzi, rudi mlangoni kwako!" Hodan akarudia, sauti imempasuka. Issack akasimama. Akageuka, akapapasa kwa mguu, akapapasa tena, kisha akapanda juu ya kisiki kisichoonekana, maji yakamshuka hadi magotini. Akakaa mlangoni kama alivyozoea, akilia, mpaka mjomba wake alipozunguka kwa upande wa pili na kamba.

Jioni mama alinikalisha karibu na moto. "Mlango gani huo, hooyo?" aliniuliza. Mama wa kwetu humwita mtoto kwa jina ambalo mtoto humwita yeye, na akikuita hivyo kwa upole, huwezi kudanganya.

"Wa nyumba yetu," nikamwambia. "Tulikuwa tunaishi pale."

Hakunipiga. Alisukuma kuni motoni, akasema, "Basi msihame."

Lakini tulihama. Familia ya Hodan ilifuata biashara ya mifugo hadi Liboi, mimi nikapelekwa shule Garissa. Mara ya kwanza nilipovuka daraja la Tana nilishika chuma kwa mikono miwili. Si urefu ulionitisha. Yalikuwa ni maji ya kwanza maishani mwangu ambayo sikuwahi kuona chini yake. Tangu siku hiyo siwezi kukaa karibu na maji nikatulia. Nilipoona watu Pwani wamevaa mavazi meusi, wanaingia baharini kinyumenyume, sikuuliza bei. Niliuliza wanarudi wamejua nini.

Leo watoto wetu wanajua chini ya bahari zote. Mpwa wangu alinionyesha papa wa Bahari ya Shamu kwenye simu, akamtaja jina lake na chakula chake. Nikamwuliza silanga la nyumbani lina kina gani. "Eeddo, hiyo haiko online," akanijibu mimi shangazi yake, akaendelea na papa wake. Simlaumu. Silanga lilichimbuliwa upya kwa mashine kubwa, likaongezwa kina, na tangu hapo halijakauka. Ni neema, tumeiomba miaka yote. Ila hakuna mtoto hata mmoja aliyetembea chini yake, na hakuna anayejua mashine iliacha mashimo wapi, wala kama kisiki kingalipo.

Nimeiomba kamati ya maji iniruhusu nishuke, nipapase chini yote, nisimike miti mirefu kuonyesha mashimo yalipo. Mwenyekiti wa kamati ni Issack. Siku hizi ana ndevu nyekundu za hina na sauti ya kusimamisha ngamia. "Abaayo, mlango ule naukumbuka kuliko wewe," aliniambia kwa simu, akiniita dada kwa lugha yetu. "Lakini watu wanakunywa maji haya. Mzee mmoja ameuliza hilo vazi limeoshwa na nani. Mwingine anataka uoge mbele ya mashahidi wa kike." Hodan, kutoka Liboi, amenitumia ujumbe wa sauti: "Wakikataa shuka tu. Ayeeyo hayupo na fimbo."

Juzi Issack alipiga tena. Msichana mdogo aliingia hadi kiunoni kufuata dumu lililoelea. Watu walikusanyika ukingoni wakamwita, njoo huku, njoo huku, na akafika salama. Issack alisema alikuwa pale. Alisema alifungua mdomo amwelekeze, akakosa la kusema, kwa sababu hakujua mlango uko wapi.

Mtungi wa hewa nilioazima uko sebuleni kwangu, umejaa. Silanga nalo limejaa mpaka alama ya juu. Kamati imekutana tena baada ya swala ya Ijumaa, na haijaamua.