Farasi Alipata Jina Kwanza

Kaka yangu Telesfori alirudi kijijini kwetu Rugu kutoka vita vya Kagera mzima wa viungo, lakini hakusema neno. Watu walikuja kumpa pole, wakatafuna punje za kahawa tulizowakaribishia, wakaondoka wakinong'ona kwamba amelogwa. Hasira zilinipanda. Alogwe na nani, huko mstari wa mbele?

Mkewe Placidia alikuwa amejifungua mtoto wa kike kaka akiwa vitani. Kwetu jina la nyumbani hutolewa na baba, akiwa amempakata mtoto mbele ya ndugu. Ubatizo ulimpa Xaveria, lakini jina la nyumbani lilimngoja baba. Kila Placidia alipomletea mtoto, kaka alitoka akajificha migombani. Aliogopa mikono yake mwenyewe, iliyotoka kushika bunduki.

Sista Adelgunda, muuguzi wa misheni, alimwita akamtunze farasi wa padri.

"Huyu hahitaji maneno," alimwambia. "Msugue tu kila asubuhi."

Siku ya kwanza, mimi nikitazama, kaka, mfugaji wa kuzaliwa, alimwashia farasi moto wa samadi wa kufukuza nzi. Ng'ombe wetu huufuata moshi huo kwa raha. Kumbe farasi hakuuzoea. Alitetemeka mwili mzima, akarusha mateke. Kaka aliukanyaga moto ukazimika, akamkumbatia shingo.

"Pole, Bihogo. Pole. Hakuna kitu."

Bihogo! Jina tunalowapa ng'ombe wekundu. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu arudi. Nilikimbia nyumbani kusimulia, nikicheka huku nalia. Placidia hakucheka.

"Farasi kapata jina, wifi. Mwanangu je?"

Akambeba mtoto, akarudi kwao Kihanga.

Miaka ilipita kaka akimsugua yule farasi. Mara nyingi nilimkuta ameegemeza paji la uso ubavuni mwake, wote wawili kimya, na roho iliniuma kwamba sisi ndugu zake hatukuweza kumpa kitu hicho. Polepole akaacha kuiogopa mikono yake. Akaanza kula nasi. Asubuhi moja akasema, "Twende Kihanga. Jina la mtoto ninalo."

Alinyoa ndevu, akavaa koti la marehemu baba. Njia nzima alilirudia kwa sauti ya chini: Kokuhirwa, Kokuhirwa. Placidia tulimkosa, alikuwa shambani. Mlangoni alisimama msichana mwenye sare ya shule, sura ya kaka tupu.

"Shikamooni. Mnamtafuta nani?"

"Marahaba," kaka alisema. "Tunamtafuta Kokuhirwa."

Mtoto alifikiri, akitaka kweli kutusaidia.

"Hapa hayupo mtu wa jina hilo. Mimi ni Kemilembe. Babu ndiye aliyenipa jina."

Nilifungua mdomo nimwambie huyu ni baba yako. Kaka alinibana mkono mpaka ukauma.

"Ni jina zuri," alimwambia. "Basi tumekosea nyumba, mwanangu."