Sauti Yangu Kwenye Gari la Sinema

Kuna jioni moja ya miaka ya hamsini ambayo mpaka leo hainitoki, mwanangu, na kila mnapowasha tamthilia zenu hapa Ilomba inanipanda kama kiungulia.

Nitaisimulia. Lakini kwanza niseme linalonikera. Huyu mama mnayemwita bosi, huyu mkurugenzi, namtazama wiki ya tatu sasa. Nimemwona akishuka kwenye gari. Nimemwona akivua miwani. Nimemwona akimzaba kofi katibu wake kwa ajili ya mwanaume. Kazi yake sijaiona! Kampuni inauza nini? Mbolea? Mabati? Hakuna anayejua. Na yule mwingine, daktari, kosa lake ni kuchelewa kurudi nyumbani, basi mume kachukuliwa na shoga yake, na nyie mnapiga makofi, “Amejitakia.” Nikiuliza mnanijibu, “Babu, ni maigizo tu.” Maigizo tu! Neno hilo nililisema mimi kabla baba zenu hawajazaliwa, na aliyeumia si mimi.

Baba yangu alikuwa Mhehe wa Iringa, mama Mnyakyusa wa Rungwe, kwa hiyo nilizijua lugha zote mbili, na Kiswahili cha shule juu yake. Nilipofika miaka ishirini nikapata kazi kwenye gari la sinema la serikali. Tulizunguka vijijini na mashine, kitambaa cheupe na kipaza sauti. Filamu zenyewe zilisema Kiingereza au hazikusema kabisa. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya kitambaa na kuwaeleza watu wanachokiona. Hebu fikiri, mwanangu. Watu hawajawahi kuona picha ikitembea, na wa kuwaambia maana yake ni kijana aliyeota ndevu juzi.

Mwanzoni nilifuata karatasi niliyopewa. Halafu nikagundua kuchekesha. Kicheko cha watu wengi kinalevya kuliko pombe ya kimpumu, na mimi nilikuwa mlevi.

Jioni hiyo tulikuwa kijiji kimoja cha juu huko Rungwe, kwenye migomba na baridi. Filamu ilimwonyesha mwanamke Mwafrika, mkunga. Alichemsha vyombo, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akapima watoto, akaandika kwenye daftari. Kisha ikaonyesha nyumbani kwake, mumewe kambeba mtoto mgongoni anamenya ndizi. Karatasi yangu ilisema nieleze kwa nini mkunga ananawa vile. Mimi nikasema, “Tazameni mama huyu, anasugua mikono kama anayefuta kosa! Saa ameifunga mkononi, mume amemsahau. Na tazameni bwana mwenyewe! Huyu si mume tena. Huyu kalishwa limbwata, kabakia yaya!”

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye majani. Nikaendelea kumwaga maneno. Ulimi hauna mfupa, na wangu usiku ule haukuwa hata na mwenyewe.

Kesho yake tungekuwa tumeshaondoka, nisingejua lolote. Lakini mvua ya Rungwe haiombi ruhusa. Gari lilizama kwenye tope hadi kwenye ekseli, tukakaa siku tatu. Siku ya kwanza nilikuwa mfalme. Kila nipitapo vijana wananiigiza, “Yaya! Yaya!” Nikadhani wananisifu. Kumbe walikuwa wanamwita mtu.

Mtu huyo aliitwa Ambakisye. Mkewe, Atupele, alikuwa amechaguliwa kwenda kusomea ukunga kwenye hospitali ya misheni, na alitakiwa kuondoka wiki ile ile. Ambakisye alikuwa amekubali. Alikuwa amesema mbele ya wazee wa kanisa kwamba mtoto wao atabaki naye na bibi yake mpaka mke amalize. Mwanaume wa kwanza kijijini kusema hivyo. Nami bila kumjua nikawa nimempa jina. Walimwita yaya kisimani, wakamwita yaya kwenye ukarabati wa barabara, na siku ya pili akatangaza kwamba mke wake haendi popote.

Aliyekuja kunisaka ni mama yake Ambakisye, mkwe wa Atupele. Alinikuta nimekaa kwenye gogo nakula ndizi za kuchoma. Niliinuka, nikamwamkia kwa adabu kama mama alivyonifundisha. Hakuketi.

“Wewe ndiye sauti?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Yule mwanamke wa kwenye kitambaa, alikuwa anafanya nini?”

“Anapima watoto.”

“Ulisema anapima watoto?”

Nikaitazama ndizi mkononi.

“Nimekuuliza.”

“Sikusema, mama. Yalikuwa maigizo tu. Nilitaka watu wacheke.”

“Mimi nilizaa binti mmoja na mvulana mmoja. Binti alifia kwenye mkeka akijifungua, na mimi nimemshika, na sijui la kufanya. Niliyemwomba Atupele akasome ni mimi. Niliyembembeleza mwanangu miezi sita mpaka akakubali ni mimi. Wewe umekuja na gari, umenivunjia yote kwa jioni moja. Sasa nichekeshe na mimi.”

Mwanangu, nimekaripiwa na wakubwa, nimefukuzwa kazi mara mbili. Hakuna kilichowahi kuniingia hivyo.

Nilimlilia dereva, na jioni ya tatu akakubali tuonyeshe tena ile filamu. Safari hii nilieleza ukweli wote: kwa nini anachemsha, kwa nini ananawa, anaandika nini kwenye daftari. Nikasema mume yule ni mtu mwenye nguvu na akili. Unajua kilichotokea? Walipiga miayo. Mmoja akapaza sauti, “Rudia ile ya yaya!” Nusu yao wakaenda zao kabla haijaisha. Ambakisye hakuja kabisa. Uongo una chumvi, mwanangu, na ukweli ukiletwa baada yake huonekana hauna ladha.

Asubuhi gari lilipotoka topeni, Atupele alikuwa amesimama kando ya njia na mtoto wake mgongoni. Nikashuka kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

“Nimekusikia, kaka,” alisema. “Lakini wewe unaondoka na gari lako. Mimi nabaki hapa na sauti yako.”

Nafasi yake alipewa msichana wa kijiji kingine. Miaka miwili baadaye tulipita tena, nikamtafuta yule mama. Akaniambia Atupele ameshakwenda kusoma. Ambakisye mwenyewe ndiye aliyempeleka, baada ya kuchoka kuishi kwa kuwaogopa watu wasiomlisha. Nikashukuru, lakini haikuwa kazi yangu hata chembe. Na katika miaka ile miwili, wanawake wa kijiji kile walijifunguaje, wangapi walishikwa mkono na mtu asiyejua la kufanya? Sikuthubutu kuuliza. Sijui mpaka leo.

Basi mnaponiambia ni maigizo tu, msishangae nikiondoka sebuleni nimenuna. Wewe unayeandika tamthilia hizo, popote ulipo, nakuomba kitu kimoja: tuonyeshe mwanamke akifanya kazi. Akikosea, akosee kazini, kama binadamu yeyote. Akiwa bosi, tujue anaongoza nini. Na mumewe akimbeba mtoto usimfanye bwege, kwa maana yuko mwanaume mahali fulani anataka kufanya hivyo na anasubiri kuona kama atachekwa. Nawe unayetazama, kabla hujacheka jiulize nani ataamka kesho na jina ulilocheka. Maji yakimwagika hayazoleki, nami nimejaribu kuyazoa kwa kipaza sauti, yakanishinda.

Mungu akupe kazi ya mikono na akupe wa kuiona. Akupe ulimi mzito wa kudhihaki na mwepesi wa kusifu. Wasichana wa nyumba hii wafike wanakokwenda, na wavulana wa nyumba hii wawasindikize bila kuona haya. Amina.