Goti Lililokataa Kukunjika

Goti langu lilipasuliwa miaka ile viwanda vya minofu ya samaki vilipokuwa vinafunguliwa kandokando ya ziwa, na kila mtu Mwanza anatafuta wa kumwingiza kazini. Mimi niliingia. Nilisimama mezani nikichuna ngozi za sangara, mpaka siku niliyoteleza kwenye sakafu yenye maji, goti likajipinda.

"Ni upasuaji mdogo tu, mama," daktari aliniambia. Akanielekeza vizuri: mguu juu ya mto, barafu asubuhi na jioni, vidonge baada ya kula, na kukunja goti kidogo kidogo hata kama linauma. Hakujua ninakoishi. Nyumba yangu Ilemela ilikuwa juu kabisa kwenye kilima cha mawe. Majirani walinipandisha nimekaa kwenye kiti, wakipumzika kila penye mwamba.

Dada yangu mkubwa alikuja kuniuguza kutoka Misungwi. Barafu aliifuata mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, kwa wauzaji, akaifunga kwenye khanga. Akifika juu nusu imeyeyuka, na iliyobaki inanuka samaki. Aliniwekea gotini, nikapata nafuu ya kumaliza kikombe cha chai, kisha maumivu yakarudi yakidunda.

Vidonge vya hospitali viliisha mapema. Siku hizo maduka ya dawa yalikuwa yamefunguliwa kila kona, na muuzaji mmoja alimpa dada vingine, akasema ni vikali zaidi. Vilinichoma tumbo, goti halikujua kama nimemeza kitu. Nikaviacha.

"Kunja," dada alisema kila asubuhi, ameshika kisigino changu.

"Siwezi, dada."

"Daktari amesema ukunje."

"Basi aje akunje lake."

Mwanzoni tulicheka. Baadaye nilipiga kelele mpaka akauachia mguu, akageukia ukutani, akalia. Kesho yake hakunishika tena, nami sikumwomba.

Alipoondoka kwenda kuvuna pamba, goti lilikuwa limeganda. Nilirudi hospitali. Daktari alijaribu kulikunja, likakataa.

"Mazoezi je?"

"Yaliniuma mno."

"Yanamuuma kila mtu, mama." Akaniandikia vidonge vilevile vya mwanzo.

Nilipitia kiwandani; mahali pangu pale mezani alikuwa amesimama msichana mwingine. Nilirudi nyumbani nikipanda mawe kinyumenyume, nimekaa, nikijisukuma kwa mikono, mguu umenyooka mbele yangu kama gogo. Jirani aliyekuwa anashuka na ndoo alisimama kunipisha.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa," nikamjibu, nikashika jiwe lililofuata.