Ile x Niliyoisonga Kwa Ugali

Nikikumbuka siku ile najifunika uso kwa leso hata nikiwa peke yangu, lakini wacha niwaambie, kwa sababu kosa lilikuwa langu na hesabu yenyewe, naapa, niliipata.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na ndoto yangu ni ualimu wa hesabu. Wageni kutoka Rongo walikuja kwetu Sindo kumposea kijana wao dada yangu Auma, na Auma alimpenda huyo kijana mpaka chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Shangazi, ambaye sisi humwita Waya, akasema ugali ni wa gorogoro kumi za unga, yale makopo ya kupimia, gorogoro moja ya muhogo kwa nne za mtama. "Weka moja, nne, halafu tena moja, nne, imeisha."

"Waya, hiyo ni ya kizamani," nikamwambia, nikachukua kaa nikaandika kwa ukuta wa jikoni: x na 4x ni 10, kwa hivyo 5x ni 10, x ni 2, 4x ni 8. (Safi kabisa, mwalimu wangu angenipigia makofi.) Nikapima mtama mbili, muhogo nane, nikaona unga umekuwa mweupe, nikafurahi kwamba kumbe aljebra inarembesha chakula.

Waya akachungulia sufuria. "Mbona mweupe hivi?"

"Hesabu haidanganyi, Waya."

Ugali ukafika mezani, mama ya kijana akamega, mkono ukapanda na ugali ukapanda nao, ukavutika kama ulimbo, bwanake akajaribu kumsaidia na yeye vidole vikagandana, sasa wako wawili.

"Auma," mzee huyo akauliza polepole, "hii ndio utapikia mtoto wetu?"

Auma akainama, machozi yako karibu. Hapo nikasahau aibu, nikasema ni mimi, dada hakugusa mwiko, na nikamvuta yule mama mpaka jikoni aone ukuta, aone nilihesabu vizuri.

Akaangalia maandishi yangu ya makaa. Alikuwa hajawahi kukaa darasani hata siku moja.

"Mtoto wangu, hii x ni muhogo ama ni mtama?"

Waya alicheka mpaka akashika mlango.

"Auma tunamchukua," mama akasema akifuta vidole, "lakini huyu mwingine mbaki naye."

Ualimu bado nautaka, na nitaupata. Ila siandiki x tena kabla sijaandika kando yake ni x ya nini. Kwa harusi huko Rongo walinipa kazi ya kuchota maji, na hata ndoo walihesabu wenyewe.