Madebe ya Opicho

Opicho, karani wa reli, alipanda nyanya kwenye ua wa saruji huko Donholm bila chembe ya udongo. Alitumia madebe ya kokoto nyepesi za volkano, na maji ya mbolea aliyoyachanganya mwenyewe kwenye pipa. Alizikwa Bungoma mwaka 1996, na mwezi mmoja baadaye majani yakaanza kuungua pembeni.

Triza, mjane wake, hakuwa na shaka kwamba mwenye madebe alikuwa na njaa. Kwao marehemu asiyelishwa hudai. Kila asubuhi, akihisi mtu amesimama nyuma yake, alichota pipani akainywesha miche maradufu ili marehemu ashibe. Majani yakazidi kukauka.

Lusweti, jirani aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya maua, alikinga kidole chini ya debe, akaonja, akatema.

"Shemeji, mbolea imezidi, umezipikia mchuzi wa chumvi! Mizizi imelowa na bado inakufa kiu. Yamwagie madebe maji matupu mpaka yanayotoka chini yasiwe na ladha."

"Nikiyaondoa haya ya mbolea si namfukuza? Aliyachanganya kwa mkono wake."

"Na nyanya je? Si alizipanda kwa mkono huo huo?"

Triza akasuuza debe baada ya debe, akionja, mpaka ulimi haukusikia kitu. Baada ya wiki mbili machipukizi mapya yalisimama.

Debe moja hakulisuuza. Mnyanya wake ulikauka kabisa, na kila asubuhi aliusalimu kwanza, akangoja kidogo, kana kwamba wa kuitikia alikuwa bado anavaa viatu.