Aliyekuwa Akiandika Pambizoni mwa Kitabu Changu

Mwaka 1985 kuna mtu alikuwa akiingia chumbani mwangu, nyumbani kwetu Malindi, na kuandika ndani ya kitabu changu.

Haibi kitu. Hapangui kitu. Anaandika tu, anaondoka.

Nilikuwa kidato cha nne. Kitabu chenyewe ni riwaya kongwe tuliyopangiwa kwa mtihani, habari za Somoe, msichana mcheshi anayeolewa katika nyumba ya watu asiowajua na kuishia kuwa mwanamke wa kununa. Mwalimu wetu, Bwana Thuku, alituachia swali moja likatutoa jasho: "Eleza jinsi Somoe anavyobadilika."

Mimi niliandika pambizoni kwa kalamu: Kiburi kimemharibu.

Siku mbili baadaye nikakuta jibu chini yake. Kwa penseli. Herufi za Kiarabu, ila maneno ni Kiswahili, kama barua za bibi zetu.

"Si kiburi. Hana wa kusema naye."

Nikageuka kuutazama mlango, wallahi.

Nyumba ile tulikuwa wawili tu. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la saba. Baba, Mzee Badi, alifanya kazi bandarini Mombasa. Nyumbani anafika Alhamisi jioni, Jumamosi keshaondoka. Aliyebaki nami ni mkewe mpya, Bi Jaha, aliyemuoa kutoka Siyu, kisiwani Pate.

Niseme kweli: sikumtaka.

Nilimwamkia shikamoo kwa ajili ya baba, kisha mdomo naufunga hadi kesho. Akipika, nakula chumbani. Akiniuliza habari za shule, "Nzuri." Basi.

Siku moja, mwaka uliotangulia, alinijia na chupa ya dawa ya kikohozi. "Shekha, hebu nisomee hapa. Herufi hizi za kizungu zanishinda."

Nikamjibu, "Kasome gumbaru, na watu wazima wenzako."

Akaichukua chupa yake akaenda zake. Hakuniomba tena kitu.

Kwa hiyo yeye sikumshuku hata kidogo. Kitabu cha herufi za kizungu angekisomaje? Nikamkamata shoga yangu Mwanasiti, aliyekuwa akija kwetu kushona kofia.

"Mimi?" akacheka. "Hati yangu mimi kama kuku kapara mchanga! Shoga, nyumba yenu ina jini msomi."

Nikaandika kwa herufi zile zile: "Wewe ni nani?"

Jibu likaja: "Msomaji kama wewe."

Ndivyo tulivyoanza. Mwaka ule wote, mwenzangu alikuwa ni yule. Nikitoka shule nakimbilia kitabu kabla ya kuvua viatu. Nilimwandikia hata yasiyohusu riwaya: kwamba nimemuota mama, nikaamka sauti yake siikumbuki.

Akanijibu: "Lia. Si utoto."

Nikalia.

Wiki ya insha nikamuuliza: "Somoe anabadilika siku gani hasa?"

Akajaza pambizo za ukurasa mzima.

"Mwalimu wako anatafuta siku. Hakuna siku. Mwanzo Somoe huwauliza watu: mmelalaje, mtoto kapona, mvua imefika kwenu? Katikati hajibu ila akiulizwa. Mwisho hata akiulizwa hajibu. Hakununa. Amechoka kupiga hodi bila ya kuambiwa karibu."

Nikayafuata maswali ya Somoe sura baada ya sura, nikaandika insha yangu. Kumi na nane juu ya ishirini. Bwana Thuku akaisoma mbele ya darasa.

"Shekha, haya umeyatoa wapi?"

"Kichwani, mwalimu."

Mwongo mkubwa mimi.

Ilikuwa Alhamisi. Nikarudi mbio kumpa mwenzangu habari. Nakuta mlango umefungwa, ufunguo uko kwa jirani. Jikoni kumepoa. Kanga za Bi Jaha hazipo kambani.

Baba alipofika hakushangaa.

"Amerudi kwao," akasema. "Wiki mbili namsihi abaki, hataki. Barua yake hii, imenifikia Mombasa. Kuna maneno humu siyaelewi."

Akanipa karatasi. Herufi za Kiarabu. Penseli. Ile herufi ya kafu yenye mkono mrefu, ambayo nilikuwa naijua kuliko yangu mwenyewe.

"Sina ugomvi na mtu," aliandika. "Lakini mtoto anamwandikia asiyemjua kila siku, na mimi niliye naye ndani hanisemeshi. Siwezi tena."

Nikakaa chini pale pale.

"Baba, huyu alijua kusoma?"

"Bi Jaha? Kwao alikuwa akisomesha wanawake Kurani. Hizi za kizungu kazipata gumbaru, asubuhi ukiwa shule. Aliniambia wewe ndiye uliyempa shauri."

Sikuweza kumtazama baba usoni. Insha ilikuwa bado mkononi, na wino mwekundu wa mwalimu. Nilipewa kumi na nane kwa kumwelewa mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa.

Mtihani ulipokwisha baba alinipeleka Siyu. Nilimkuta Bi Jaha ukumbini na wanawake kama sita, kila mmoja na msahafu wake. Nikapiga magoti.

"Nisamehe, mama. Turudi nyumbani."

Akaniinua.

"Nimekusamehe zamani. Lakini kurudi, hapana. Mimi na babako tumeachana kwa wema. Hapa nina watu wa kuzungumza nao."

Nikalia sana. Hakunizuia. Halafu akanishika mkono, akawageukia wale wanawake.

"Huyu ni Shekha, mwanangu wa Malindi."

Nilimpata mama siku ile ile niliyoambiwa harudi.

Ndugu msomaji, maneno mazuri usiwawekee wa mbali peke yao. Unayekaa naye nyumba moja ana haki yake, na akishafunga mzigo, msamaha utaupata, yeye humpati.

Siku ya tatu baba alinifikisha Malindi, akaenda zake Mombasa kazini. Nikafungua mlango, nikawasha jiko, nikapika wali wa mtu mmoja.