Kepi ya mwenzangu iko juu ya kabati langu

Admin, ukiweka hii ficha jina langu na la parokia, maana Goma tunajuana. Nina miaka thelathini na minne, nina mume na watoto watatu, naishi Keshero. Tangu utoto napiga tarumbeta katika fanfari, bendi ya parokia yetu, na leo mimi ndiye ninayefundisha wadogo. Watu wananiita Mama Tarumbeta. Wangejua nilichofanya wangenitafutia jina lingine.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Vita vilikuwa vimejaza wakimbizi Kibati, nje kidogo ya mji, mahema mpaka kando ya barabara. Kwenye kambi hiyo kulikuwa na msichana wa rika langu aliyekimbia kutoka mji wa Kiwanja na mama yake. Nitamwita Furaha. Alijifunza tarumbeta kanisani kwao, akashuka kwa miguu mpaka kwenye mazoezi yetu, akaomba kujaribu. Papa Maestro, kiongozi wetu, akampa tarumbeta yangu. Jamani, yule msichana alipiga! Hata wapiga ngoma walinyamaza, na wale hawanyamazi hata kwenye misa. Wiki tatu kabla ya mashindano ya fanfari, solo niliyoipiga miaka miwili ikawa yake. Nilitabasamu, nikampigia makofi. Moyoni nilikuwa naungua.

Kwetu kuna sheria moja isiyo na msamaha. Siku moja kabla ya mashindano ni siku ya kepi: Papa Maestro anamvalisha kila mtu kofia yake ya fanfari kwa mkono wake. Asiyekuwepo haandamani, na hakuna anayempokelea mwenzake. Mwaka ule, Jumamosi uwanja wa parokia ulikuwa na harusi, kwa hiyo siku ya kepi ikasogezwa Ijumaa. Furaha hakuwa na simu. Mimi kila Alhamisi nilipanda Kibati na mama kununua makala, yaani makaa ya kupikia, basi Papa Maestro akanituma nimpe habari.

Nilimkuta mbele ya hema anapaka viatu vyake vyeupe chaki, maana mawe yetu meusi ya volkano hayana huruma na kiatu cheupe, na majaji wanatazama viatu kabla ya kusikiliza muziki. Akanikatia nusu ya hindi lake la kuchoma. Tulicheka, tukaongea karibu saa nzima. Habari ya Ijumaa sikumpa. Sikusahau, nataka mlijue hilo.

Ijumaa Papa Maestro alibaki na kepi moja mkononi, anaangalia barabara.

"Ule mutoto wa Kibati iko wapi? Ulimuambia?"

"Ndiyo, papa, nilimuambia."

Akaifunga kepi kwenye karatasi yake, hakuuliza tena. Kesho yake Furaha akafika, viatu vinang'aa, akakuta maharusi wanacheza. Mimi nilikuwa pale kwa sababu nilijua atakuja.

"Dada, wengine wako wapi?"

Bado kulikuwa na muda wa kukimbia kwa Papa Maestro na kukiri. Badala yake nilimwambia, "Kepi waligawa jana. Papa alisema watu wa kambi hawaaminiki, watapotea na nguo zetu."

Hakulia. Alinipa glavu za fanfari alizopewa mazoezini, alikuwa amezifua, akasema, "Umurudishie." Kisha akavua viatu vyake visichafuke, akarudi Kibati miguu mitupu. Jumapili nilipiga ile solo, tukachukua kombe. Picha bado iko ukutani parokiani, mimi niko mbele, nimenuna kama mtu aliyefiwa.

Miaka ikapita. Volkano ilipotema moto mara ya mwisho, mume wangu alikuwa Bukavu. Mimi na watoto tulivuka lava iliyoanza kuganda, tukapata lori mpaka Kiwanja. Tulikuwa tumeketi kwenye uwanja wa shule, sasa mkimbizi ni mimi, mwanamke akaja akaniita kwa jina. Furaha. Alitupeleka kwake, akatupa kitanda chake wiki mbili, yeye na wanawe wakalala kwenye mkeka. Akawaambia wanawe, "Musalimie huyu mama. Wakati nilikuwa mukimbizi, njo yeye moja tu alinipendaka kule Goma." Nikawapa wanawe mkono.

Mwezi uliopita Papa Maestro aliniita. Amezeeka, magoti hayafai tena, mwaka huu anaacha na ametangaza kwamba nafasi yake ni yangu. Akatoa kepi kwenye karatasi kuukuu. Ileile.

"Ule mutoto wa Kibati nilimufanyia mubaya," akasema. "Ilikuwa vita, pengine alikosa njia, na mimi sikumuuliza. Umutafute, akuye siku ya kepi, nimuvalishe mbele ya wote. Njo kitu moja inanisumbua."

Nilimpigia simu Furaha jioni hiyohiyo.

"Dada, kwako nitakuya hata kesho," akanijibu. "Ule muzee, hapana. Mutoto wangu wa kike analia kila siku anataka tarumbeta, na nilimukataza, juu ya maneno yake."

Maneno yake? Ni maneno yangu! Nilishika simu nikasema tu, "Nimesikia."

Mume wangu anasema ninyamaze, ni mambo ya utoto. Lakini muzee anajilaumu kwa kosa langu, na rafiki yangu anamchukia mtu aliyemngoja akiangalia barabara. Nikisema, nampoteza Furaha, na fanfari sijui kama itaniweka. Nikinyamaza, mwakani mimi ndiye nitakayewavalisha watoto kepi kwa mikono hii. Msiniambie nisali, nimesali mpaka Mungu amenichoka.

Nishikeni mkono, wenzangu. Nianzie kwa nani, na niseme vipi? Siku ya kepi ni Jumamosi ijayo, na safari hii hakuna aliyeisogeza.